Pete Nyekundu ya Gari Jipya

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nina nyota. Wenzangu hapa kituo cha zimamoto wana misuli, wana vyeti, wana wajomba wakubwa. Mimi nina nyota, basi! Na leo imewaka mchana kweupe. Gari jipya limefika: jekundu, ngazi ya kukunjuka, pampu inanguruma kama mama mkwe aliyekatizwa usingizi. Madereva sita, usukani mmoja. Kamanda, mtu asiyependa lawama, akasema tupige kura. Akatia kwenye helmeti pete sita za mpira, zile zinazokaa kwenye viungio vya bomba maji yasivuje. Tano nyeusi za gari la zamani, moja nyekundu, spea ya gari jipya. Kila mtu achote moja, afumbe ngumi, tufumbue pamoja akihesabu hadi tatu.

Alipofika mbili nikapiga ukelele: Nyekundu! Ni mimi! Kamanda akanikumbatia. Dada Msumari, mwembamba, mnyoofu, dereva bora kituoni (baada yangu), hata ngumi hakufumbua. Akasema tu hongera, kaka, akatia mikono mfukoni. Uchungu huo!

Shukrani zangu zilikuwa fupi, jambo lisilo la kawaida. Nilikuwa na pete nyeusi chini ya ulimi.

Haya, shajara, tusifichane. Nyota nayo husukumwa kidogo. Nilimwona Kamanda akichagua pete, nikawahi kufungua mdomo wa bomba dogo la gari jipya, nikachomoa nyekundu ya humo, nikaificha kwenye mkono wa shati. Kesho nairudisha. Nani atajua?

(Sasa ile nyekundu ya Kamanda ilikwenda wapi? Labda ilidondoka. Nyota haihojiwi.)

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Kamanda ameitunga uzi pete yangu, ameitundika ukutani juu ya kiti chake. Anasema ni kumbukumbu ya haki kutendeka. Nikaomba nikaifute vumbi. Akasema haki haina vumbi. Nikaomba nikawaonyeshe familia. Akasema familia waje, kuna viti.

Nimejaribu nyeusi ya gari la zamani. Pana mno, inaogelea humo ndani. Mwenye duka la spea amenicheka: za gari hilo huagizwa, nisubiri mwezi.

Nikarudi nyumbani kichwa chini. Na hapo chini nikaona nini? Kandambili za mke wangu! Zile za maua. Mpira laini, unene wenyewe. Nikakata duara kisiginoni, nikatoboa katikati, nikaenda kuipachika. Imekaa barabara! Akili hii haifundishwi darasani, ndiyo maana sikukaa sana darasani.

Jioni mke akauliza ni panya gani anayekula kwa duara. Nikamwambia panya wa siku hizi wamesoma.

Alhamisi, 6 Machi

Kamanda aliwaalika wakazi waje kulitazama gari. Mama mkwe, anayekaa mtaa wa nyuma, alikuja na kiti chake, akakiweka mbele kabisa. Akawaambia majirani kwamba tangu nimwoe binti yake anangoja kuniona nazima kitu, hata kibatari.

Leo utaona, nikasema moyoni. Nikalishika bomba dogo mwenyewe. Pampu juu! Kandambili ikachomoka kama risasi. Maji yote yakatoka ubavuni, yakampata Kamanda, kofia hadi soksi. Kule mbele, mdomoni, kilitoka kijimkojo cha mtoto mchanga.

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Nikamwambia Kamanda kwamba hivyo ndivyo kiongozi anavyopozwa wakati wa joto. Akajipangusa uso, akakiri kwamba amepoa kweli. Mungu ambariki, hana kinyongo. Ila Jumatatu fundi aje akague.

Mama mkwe akasema kibatari kingeshinda.

Msumari akaokota kile kipande cha mpira. Akatazama ua. Akanitazama mimi. Akauliza wifi yake hajambo, na siku hizi anavaa viatu gani.

Mpango: nitatumia bomba kubwa tu hadi Jumatatu. Hilo dogo ni la kuingilia vyumbani. Mara ngapi tunaingia vyumbani?

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumeingia vyumbani.

Simu ililia mchana: nyumba inaungua, mtaa wa nyuma. Wakataja namba ya nyumba. Nimeolea humo! Mama mkwe alisahau pasi, pazia likashika, kabati likafuata. Yeye mwenyewe yuko chumba cha nyuma, moto uko ukumbini, dirisha lina nondo.

Nililiendesha gari lile kama nimezaliwa nalo. Lakini ukumbi ule ni mwembamba, kona mbili, bomba kubwa halipindi. Ni dogo tu. Nikalivuta. Nikafungua. Maji ubavuni! Usoni kwangu, ukutani, kwenye maua ya jirani. Kwenye moto, tone. Nikaziba kiungio kwa viganja vyote viwili. Yakapita katikati ya vidole. Nikaita nyota yangu. Nikaiita tena.

Kwenye nondo sauti ya mama mkwe ikatoka na kikohozi ndani yake: kama aliyekuja ni yule mkwe wangu, jamani, leteni mwingine!

Ndipo Msumari akapiga goti kando yangu. Akafungua kitufe cha mfuko wa kifuani, akatoa kitu kidogo. Pete. Nyekundu. Akafungua mdomo wa bomba, akaipachika, akakaza. Maji yakanyooka kama rula! Akaniambia nifunge kinywa, niingie. Tukaingia, yeye mbele na bomba, mimi nyuma nikimvutia. Alipouzima moto wa ukumbini nikaupiga teke mlango wa chumba cha nyuma.

Mama mkwe alitoka mgongoni kwangu, akinielekeza pa kukanyaga.

Yuko hai. Nyumba imepoteza ukumbi na pazia baya sana. Siwezi kuandika zaidi. Asante. Asante, asante.

Jumapili, 9 Machi

Nimemfuata Msumari akikausha mabomba. Nikamuuliza ile pete ameipata wapi. Akasema alipoipata ni helmetini, kwani wengine walichota wapi? Usukani ulikuwa wake! Basi kwa nini alinyamaza? Akasema mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari la zamani wakati wenzetu wanamcheka, na nilipopiga ule ukelele nilifurahi kama mtoto wa siku ya kwanza shule, akashindwa kuniharibia. Kisha akauliza mdomoni nilikuwa na nini.

Nililia. Nikamwambia ni moshi. Moshi wa jana? Ndiyo, nikasema, huwa unachelewa.

Nikaenda kwa Kamanda kumweleza yote. Nimemweleza nusu: kwamba Msumari anastahili usukani ule kuliko mimi. Akasema basi tupokezane, Msumari aanze. Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Mama mkwe ametuma kandambili mpya kwa binti yake, na salamu kwangu: mkwe ana mgongo mzuri, tatizo ni kichwa. Tangu nioe sijasifiwa hivyo! Nimemwomba mke arudie mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amekagua, hakuona kasoro. Pete ya haki bado inaning'inia ukutani, nami naipigia saluti.

Habari kubwa: kuna nafasi moja ya mafunzo ya ngazi ndefu. Kila mtu anaitaka, Msumari zaidi. Kamanda anapiga kura tena kesho. Safari hii helmetini anatia vifuniko vya vali za magurudumu: vitano vyeusi, kimoja cha kijani.

Gari jipya lina vya kijani. Nimeshachomoa kimoja, gurudumu la nyuma kushoto. Kesho, tukiwa tunafumba ngumi, nitamsogelea Msumari nimtilie kiganjani. Hajui. Atashangaa! Ni shukrani zangu hizo.

Mke anauliza kwa nini nisitulie tu, nichote kama watu, halafu nikibahatika nimpe. Nikibahatika! Niliyoandika Jumatatu iliyopita ni uongo. Nyota sina, wala sijawahi kuwa nayo. Nilichota nyeusi.