Swichi Mpya ya Bi Nadra

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Bi Nadra, mwenye studio yetu ya video za harusi, ameleta swichi mpya: kisanduku cha kupitisha video kutoka kwenye ghala la diski hadi kompyuta zote. Anataka ijaribiwe kwa mzigo mzito kabla ya msimu wa harusi. Atakayeijaribu vizuri atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha diski. Ufunguo! Miaka minne nautamani. Mpinzani ni mmoja tu: Asmaa, mke wangu. Nimemwambia asijisumbue. Amecheka mpaka chai ikamwagika.

Jumanne, 7 Oktoba
Balaa. Video nzito zote ni za sherehe za wanawake, na mwanamume haruhusiwi kuzitazama. Asmaa kasema yeye anaruhusiwa. Kana kwamba sijui! Bi Nadra kaniapisha: hata ukucha wa bibi harusi nisiuone. Nimeapa. Nina mpango.

Jumatano, 8 Oktoba
Kufunga macho! Nimefanya mazoezi nyumbani kwa kilemba cha marehemu babu. Chaja nimeichomeka vizuri, mara ya sita. Paka nimemkanyaga. Asmaa kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kompyuta sita, video sita kwa mpigo. Kilemba kimekaza barabara. Nikapapasa, nikachomeka waya wa mwisho. Feni za swichi zikanguruma. Raha iliyoje! Mara Bi Nadra akapiga kelele kutoka mapokezi kwamba mtandao wote umekufa, na mteja wake wa Siyu amekatika simuni. Asmaa akaja, akachomoa waya mmoja. Ncha zote mbili nilizichomeka kwenye swichi ileile! Data ikawa inazunguka humo humo na kujizidisha. Akafanya jaribio yeye: saa mbili, hakuna picha iliyokwama. Ufunguo kapewa. Nimeumia, sikatai.
Lakini nimemsikia akimsihi Bi Nadra asinifukuze. Kamuuliza ni mwanamume gani mwingine angejifunga macho akiwa peke yake chumbani. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Asmaa, akipakua wali, kasema swichi ile haitabeba tena mzigo kama wangu wa Alhamisi. Kisha akacheka. Sijui anacheka nini. Mzigo mzito kuliko wote, na haukuhitaji video hata moja! Waya tu! Jumatatu Bi Nadra anakwenda Kililana. Ufunguo Asmaa anauficha kwenye kopo la iliki. Nimenunua waya kumi.