Posa Iliyokatwa Vipande

Redio alipozima redio yake siku ile, tulijua amepata la kututesea mpaka jioni. Jina lake hasa ni Liberatus, ila pale kwenye kahawa ya Mlandege, Iringa, hakuna anayelitumia. Mwenye chombo ndiye mwenye habari.

"Marekani kompyuta zinaongea," akasema. "Moja iko kwao, nyingine iko Ulaya ng'ambo ya bahari, zinapelekeana barua."

"Kompyuta ndiyo nini?" akauliza Magogo, dereva wa lori la mbao la Mafinga.

"Mashine ya hesabu. Kubwa kama nyumba ya padri."

"Na zinaongea nini?"

"Sasa mimi nitajuaje, Magogo? Labda zinasengenyana."

Balozi wetu wa nyumba kumi, Kalinga, tunayemwita Azimio kwa sababu hamalizi sentensi bila kulitaja, akaweka kikombe chini. "Hizo ni njama za mabeberu. Wakati ukifika, serikali itatuletea zetu, za kijamaa, kwa mujibu wa Azimio."

"Zitaletwa na nini?" nikamwuliza. "Marehemu mke wangu, mama Lea, alikata roho akisubiri gari la wagonjwa, gari lenyewe limekwenda kumpokea mkubwa. Leo unaniahidi mashine kubwa kama nyumba ya padri."

Azimio akapuliza kahawa yake, ingawa ilishapoa zamani.

"Mnanikatisha utamu," Redio akasema. "Utamu ni namna zinavyotuma. Barua haiendi nzima. Inakatwa vipande, kila kipande kinashika njia yake. Vikifika, vinaungwa. Njia moja ikiziba, nyingine ipo."

Hapo ndipo Asukile aliponyanyua kichwa. Ni fundi cherehani, na kwa zile suruali zake za pekosi, pana chini, zinazofagia barabara tulimbandika jina la Pekosi.

"Hebu rudia hapo," akasema.

Taabu yake tuliijua wote. Jumamosi ile alitakiwa Mbeya na wazee wake, kumposa Alinanuswe. Gari la mjomba limelala, petroli mji mzima hakuna isipokuwa kwa wabenzi, na simu ya Mbeya inakoroma tu. Kule Mbeya nako kuna seremala anayepita kwa kina Alinanuswe kila jioni kuuliza kama kuna kiti kimevunjika.

"Andika barua nikupelekee," Magogo akamwambia. "Kesho nashusha mbao Mbeya."

"Yote akupe wewe?" Redio akacheka. "Likizimika Makambako? Wenzetu wanakata, bwana."

"Lori langu halizimiki."

"Juzi tulikuwa tunasukuma nini?"

Magogo akageukia kashata yake.

Basi barua ikaandikwa, ikakatwa. Mkasi aliushika Azimio, maana kazi ya umma lazima iwe na kiongozi. Kipande cha kwanza, "Jumamosi hii siji", akapewa Magogo. Cha pili, "kwa sababu petroli hakuna", akapewa kondakta wa basi. Cha tatu, "nakuja Jumamosi inayofuata na wazee wote, mnisubiri", akapewa mwinjilisti Saulo, aliyekuwa anakwenda Mbeya kwa baiskeli huku akihubiri kila kijiji.

"Mwinjilisti si atachelewa?" Pekosi akauliza.

"Vinangojana," Redio akamjibu. "Ndiyo sayansi yenyewe hiyo."

Baada ya siku kadhaa Magogo akarudi, anatabasamu. "Nimefikisha. Baba yake Alinanuswe kasoma, kageuza karatasi nyuma, kaniuliza nyingine iko wapi. Nikamweleza utaratibu. Akasema Mbeya hawawezi kushindwa na Iringa, na wao watajibu vipande vitatu. Cha kwanza hiki hapa."

Pekosi akasoma kwa sauti: "Alinanuswe amekubali kuolewa."

Weee, pale hapakukalika. Azimio akatangaza kuwa huo ni ushindi wa wakulima na wafanyakazi, akaagiza kahawa kwa wote, jambo ambalo sijawahi kuliona. Pekosi akacheza mpaka suruali ikatutimulia vumbi kwenye vikombe.

Kesho yake kondakta akaleta cha pili. Pekosi akasoma kimya, akakaa chini. Redio akakichukua, akatusomea.

"Na seremala, kwa kuwa wewe umesema huji."

Magogo akakohoa. "Mimi nilisema niipeleke yote."

"Mpango ulikuwa sahihi," akasema Azimio. "Tatizo ni utekelezaji."

"Kila siku utekelezaji," nikamwambia. "Huyo Utekelezaji angekuwa mtu, ningeshamfuata na rungu."

Pekosi akamshika kondakta shati. "Na cha tatu?"

"Cha tatu watampa mwinjilisti akifika."

"Kwani hajafika?"

"Nimempita Igawa. Ameanzisha kwaya."

Pekosi akasimama taratibu, rangi inamrudi usoni. "Basi kile changu cha kuwaambia wanisubiri bado hawajakipata. Bado hawajamaliza kunisoma."

Azimio akakumbuka kikao, Magogo akakumbuka mbao zake, na mimi nikakumbuka kwamba nyumbani hakuna wa kuniwashia moto. Tukatawanyika. Pekosi akabaki na kiti chake, amekigeuza kuelekea barabara ya Mbeya.

"Redio," akaita, "hivi hizo za Marekani zinangojana mpaka lini?"

Redio akaikumbatia redio yake, akaongeza mwendo.