Tanga la Masanja wa Sikonge

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nafasi imefunguka! Mzee Yahaya, mwenyekiti wa kundi letu la Wasomaji wa Jumamosi, anahamia Kigoma kwa binti yake. Ametangaza leo baada ya chai. Atakayeongoza vizuri mjadala wa riwaya tunayosoma ndiye atakayerithi kiti. Na kiti ni kiti kweli: cha plastiki, cha bluu, chenye mikono. Sisi wengine tunakalia mabenchi ya ukumbi wa parokia.

Nimegombea uongozi wa kwaya. Nikakosa. Kamati ya maji, nikakosa. Kamati ya harusi ya mpwa wangu mwenyewe, akapewa mtu wa upande wa bibi harusi. Nina miaka hamsini na sita, nina duka la madaftari hapa Kitete, na sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Safari hii sikubali.

Mpinzani: Mwalimu Bertila wa sekondari. Husoma huku kashika penseli. Mtu wa hatari.

Riwaya inaitwa Ng'ambo ya Wembere. Watoto wawili wa Igunga wanachunga ng'ombe pamoja, wanapendana kama ndugu, mmoja anakufa. Hayo nimeyapata kwenye jalada la nyuma. Ndani nimefika ukurasa wa kumi na nane. Ng'ombe bado hawajatoka zizini.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Padri amehubiri juu ya mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Nimeomba moja tu, la elimu, na hasa elimu ya kuanzia ukurasa wa kumi na tisa. Sijapata.

Mke wangu Katarina ameimaliza riwaya ndani ya siku mbili. Alilia hadi dagaa wakaungua. Nikamwomba anisimulie. Akasema nisome mwenyewe, macho ninayo. Nikasema macho yananisumbua siku hizi. Akauliza mbona jana nilimwona kuku wa jirani akiwa bondeni na nikamtambua kwa jina.

Jumatano, 11 Juni

Kikao cha maandalizi. Bertila alizungumzia maana ya mto katika riwaya. Alizungumza kwa muda mrefu, na kila alipopumua watu walitikisa vichwa kukubali. Mzee Yahaya alikuwa anapapasa mkono wa kiti kama mtu anayeaga. Nikaona kinaondoka.

Nikasimama. Nikasema mimi siwezi kuichambua riwaya hii kwa penseli, kwa sababu yaliyomo yamenikuta. Nami nimefiwa na rafiki yangu wa utotoni.

Ukimya! Ukimya mtamu kama nini! Bertila akaweka penseli chini. Akaniambia pole sana kaka Deus, akauliza marehemu alikuwa anaitwa nani.

Hapo sikuwa nimejiandaa. Kichwa changu kina rafiki mmoja tu wa utotoni, na alitoka mdomoni kabla sijamzuia. Masanja. Mrina asali wa Sikonge. Amekufaje? Ameanguka mtini akitundika mzinga. (Alianguka kweli. Tulikuwa darasa la tatu. Alivunjika mguu tu.) Lini? Wiki mbili zilizopita. Nilitaka msiba uwe mbichi.

Bertila akasema wiki mbili zilizopita alinikuta dukani kila siku. Nikasema taarifa ilinichelewa. Sikuzika.

Kosa! Nililiona usoni kwa Bi Zamda kabla sijamaliza neno. Bi Zamda ni fundi cherehani, Mzaramo wa Kisarawe aliyeolewa hapa. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zetu walipobeba pembe hadi pwani, na kwenye msiba mtani ndiye mwenye kazi kubwa kuliko padri.

"Hukuzika?" akauliza.

"Sikuzika."

"Na tanga hukuweka?"

"Sikuweka."

"Rafiki uliyechunga naye! Kweli nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo, watu mnawaacha njiani!"

Mzee Yahaya akatatua. Rafiki wa utotoni ni ndugu, akasema. Jumamosi Wasomaji wote watakuja kunihani nyumbani kwangu, na mjadala wa riwaya utafanyika hapo hapo kwenye mikeka. Na uchaguzi.

Uchaguzi uani kwangu, katikati ya majonzi yangu! Nilishindwa kulala kwa furaha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempigia Masanja ili nijue yuko wapi. Hapatikani. Ni msimu wa kurina, yuko porini hadi mwisho wa mwezi. Kwa kipindi hiki, ukilitazama jambo kwa haki, hana tofauti kubwa na marehemu.

Tatizo dogo. Bi Zamda alipita nyumbani nikiwa dukani, akampa Katarina pole ya Masanja. Masanja ndiye aliyetusimamia ndoa. Nimerudi nikamkuta Katarina amekaa chini, kanga kichwani, sauti imekauka. Ikabidi nimwambie ukweli.

Katarina akaivua ile kanga kichwani. Akasema watu wakija lazima wale, kwa hiyo atapika. Lakini hatalia tena. Kulia nitalia mwenyewe.

Bi Zamda amerudi jioni na maswali ya kazi yake. Mtani lazima amwigize marehemu, sasa huyu alikuwa anatembeaje? Nikasema alichechemea. Anacheka vipi? Kwa pua. Ana tabia gani? Kila nyumba anayoingia huomba maji ya kunywa kabla ya salamu. Yote kweli. Sikuwa na nguvu ya kutunga mtu mwingine.

Ijumaa, 13 Juni

Jambo limekua. Jirani Elieth ameleta unga. Wengine wameleta kuni na sukari. Vijana wamefunga turubai bila kuniuliza. Katekista amekuja kuandikisha nia ya misa, akataka jina la ubatizo la marehemu. Nikasema hakubatizwa. Akahuzunika kuliko wote.

Nimefanya mazoezi ya kulia nyuma ya rafu za madaftari. Mteja mmoja ameuliza kama siku hizi nauza na pilipili.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Walijaa. Mzee Yahaya alikuja kwa bodaboda, kiti cha bluu amekipakata. Akakiweka katikati ya ua, kitupu. Sikukiangalia. Nilikuwa nafiwa.

Bi Zamda akaingia na kofia kuukuu, majivu usoni, anachechemea. Akaomba maji kwa kila mtu. Akacheka kwa pua. Akajilaza mlangoni pa jikoni, akasema maiti haitoki hapo bila kuku. Akina bibi wa mtaani walicheka hadi wakashikana. Tanga zuri sana.

Bertila akafungua mjadala kwa ule mto wake. Watu wakamsikiliza kwa adabu. Kisha Mzee Yahaya akanipa nafasi, niseme juu ya rafiki yangu.

Nikasema. Nikasema Masanja akigawa muwa alinipa kipande kirefu na kudai ni kifupi. Kwamba mvua ikijaza kijito alinivusha mgongoni, kwa huo huo mguu mbovu, maana mimi nilikuwa naogopa maji na yeye hakumwambia mtu. Kwamba hajawahi kumaliza kisa hata kimoja cha kuchekesha, kwa sababu huanza kucheka mwenyewe katikati. Sikuwa nimeandaa lolote kati ya hayo. Nikasikia mtu anapenga kamasi. Ni Bertila! Mzee Yahaya akainuka, akakishika kiti, akakigeuza kunielekea mimi.

Hapo mtu mmoja akaingia getini. Kofia kuukuu. Anachechemea. Dumu la asali mkono mmoja, mfuko wa unga mwingine. Analia kwa sauti.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mtani wa pili, na kwamba huyu anajua kazi zaidi. Bi Zamda akamfuata akiwa amekasirika, akamwambia nafasi hiyo imeshachukuliwa, aende akatafute msiba wake.

Masanja alinikumbatia. Alikuwa ameshuka Sikonge mjini kupeleka asali, konda akamwambia nyumbani kwa Deus kuna msiba. Hakusubiri kuuliza wa nani. Alipanda basi lile lile.

"Pole ndugu yangu," akasema. "Nani ametutoka?"

 Akajibiwa na Bi Zamda, bado mguu mmoja kaukunja. "Masanja wa Sikonge."

"Masanja yupi?"

"Mrina asali. Ameanguka mtini."

Masanja akamwangalia Bi Zamda. Akaiangalia kofia yake, akauangalia na mguu. Kisha akaniangalia mimi. 

Akakaa mkekani. Katarina akamletea ugali na nyama ya tanga lake. Akala matonge mawili matatu. Akauliza kwa sauti ya kawaida alizikwa lini. Nikasema wiki mbili zilizopita. Akauliza kama watu walikuja. Nikasema walikuja wengi sana, wengine hadi kutoka Nzega. Nilitaka kumfurahisha.

"Na wewe?"

Nikasema duka.

"Hakuzika huyu!" akasema Bi Zamda. "Sisi ndio tumemlazimisha."

Masanja akarudisha tonge kwenye sahani. Akasema kuuawa anaelewa, maana ananijua mdomo wangu tangu tukiwa na meno ya utotoni. Lakini hilo lingine limemshinda. Uongo ni wangu, safari ni ya kutunga, nauli silipi. Hata kwenye uongo nilishindwa kwenda kumzika?

Akampa Katarina asali. Siyo mimi. Akaondoka, wala maji hakuomba.

Kura zilipigwa kwa mikono. Bertila alipata zote, na mkono wangu umo. Niliunyoosha kuomba nafasi ya kujieleza.

Jumatatu, 16 Juni

Katarina ameniambia chakula changu kiko Sikonge. Nimekwenda.

Kabula, mke wa Masanja, aliitikia salamu na kunionyesha nyuma ya nyumba. Masanja alikuwa amelala chali kwenye mkeka, shuka hadi kifuani. Nikamwambia nimekuja tuongee. Kabula akasema marehemu haongei. Majirani wakaanza kukusanyika.

Nikalia. Wakasema huyo anakohoa. Nikalia tena. Mzee mmoja akasema msiba wa mbuzi wake ulikuwa na uchungu kuliko huo. Nikapiga magoti kando ya mkeka, nikamwangalia vizuri. Amezeeka. Mvi zimeingia hadi kwenye nyusi, na mguu ule umekonda kuliko mwenzake. Mara ya tatu nililia kwa muda mrefu na sikuweza kukoma nilipotaka. Barabara ya Sikonge ina vumbi jingi wakati huu wa mwaka.

Marehemu akafungua jicho moja. Akauliza kama nimemaliza au wampelekee Katarina taarifa kwamba nimekuja kumrithi Kabula. Alianza kucheka kabla hajafika mwisho. Akanishika bega, akainuka.

Tumekula pamoja. Amenisamehe, ila kwa sharti kwamba akifa kweli nifike wa kwanza, hata kabla ya siafu. Nimeahidi.

Jumamosi, 21 Juni

Kikao cha kwanza cha Mwenyekiti Bertila. Anakalia kile kiti vibaya, mikono yake hata haigusi mikono ya kiti. Inaniuma kuangalia.

Lakini amesema jambo. Kundi linahitaji makamu mwenyekiti, na atapatikana kwa njia ile ile: atakayeongoza vizuri mjadala wa riwaya inayofuata. Kiti cha makamu hakina mikono, ila kina mgongo.

Riwaya inamhusu mwanaume anayetelekezwa na mkewe na kubaki peke yake na sufuria. Nimesoma jalada lote.

Katarina hajaenda kwao Nzega tangu Krismasi. Amechoka, anaonekana kabisa. Mama yake pia anamkumbuka. Nimekwenda stendi na kumkatia tiketi ya Jumatatu.

Ya kwenda tu.