Mwenzi wa Makoye

Jumanne, 4 Juni 1996

Makoye ameoa. Nimetoka posta Mpanda mpaka hapa Mwamkulu kwa mguu, bahasha kifuani, sijamsalimia mtu njiani. Mwanangu ameoa huko Kenya anakohubiri kanisa lake la Wamormoni. Sasa ndiyo niseme, habari za leo, daftari.

Barua nimeisoma mwenyewe. Darasa la nne la zamani si mchezo. Kaandika hivi: "Siruhusiwi kwenda popote bila mwenzi wangu. Anaitwa Agape. Tunaamka saa kumi na mbili na nusu, tunasali, tunasoma, tunatembea mpaka soli zinaisha. Chapati za Agape hazina mfano." Mwenzi. Hakuandika rafiki, hakuandika jamaa. Harusi zote nilizokwenda, mchungaji husema mwenzi wako wa maisha.

Tena huko anaitwa Mzee Makoye. Ana miaka ishirini na miwili. Baba yake ana hamsini na nane na hapa bado wanamwita Manyanda tu.

Nimemsomea Manyanda. Ametafuna muhindi wake mpaka ukaisha, ndipo akauliza ng'ombe wa mahari wametoka zizi gani. Nikasema huenda kanisa limetoa. Akasema kanisa linalokataza hata chai halitoi ng'ombe.

Mwisho wa ukurasa kaandika: "Mama, nashukuru ulinilazimisha kufua na kuteka maji kama dada zangu. Wengine wamefika hapa hawajui kufua soksi. Kila nikikamua shati nakukumbuka." Nimelia. Halafu nikajiuliza, kwa nini afue na mke yupo? Huyo binti nitamwandikia.

Jumatano, 5 Juni

Tatizo ni Hana, binti wa jirani yetu Marsela. Makoye alimwachia neno kwamba akirudi wazee watakaa. Mimi mwenyewe nimemwita mkwe mbele za watu. Nimeamka na mpango wa kumwambia Marsela pembeni, taratibu, kwa hekima. Kufika kisimani nikakuta wanawake saba. Hekima ikanishinda. Nimewaambia wote.

Marsela akatua ndoo. Akasema hongera, Mama Makoye, ila mkwe wa Kenya hajui kupura mpunga, utapura mwenyewe. Nikamjibu mkwe wangu anapika chapati. Akasema basi tutakuja utupurie hizo chapati. Wakacheka. Nami nikacheka, ingawa sikuona cha kuchekesha.

Hana alikuwepo. Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyebanwa na chafya, akajitwisha maji akaenda. Moyo umenichoma kidogo. Mwaka jana nilipolala na malaria, uji wa siku tisa alinipikia yeye.

Alhamisi, 6 Juni

Nimenunua khanga nyekundu, imeandikwa MKE MWEMA PAMBO LA NYUMBA. Nimeifunga na barua: "Mwanangu Agape, mimi ndiye mama mkwe wako. Usimwache mumeo afue. Na kama kuna dalili za mjukuu usione haya, niandikie." Karani wa posta kauliza ndani kuna nini. Nimemweleza yote, na foleni nyuma yangu nayo ikasikia.

Jumapili, 23 Juni

Kumbe maneno yamefika mpaka Kasansa. Kuna mtu huko anaitwa Ngolo, ng'ombe wake wakitoka kunywa maji vumbi halitulii mpaka jioni. Amesikia Hana yuko huru. Watu wake wanakuja kwa Marsela tarehe 14 Julai, na Marsela amesema akija mwenye heshima hamrudishi. Amenipitia makusudi kunialika nikapike. Nimekubali, nikasema nitawafundisha wageni chapati za Kenya. Halafu nimeingia ndani nikakaa juu ya kinu. Sijui kwa nini sina furaha.

Ijumaa, 12 Julai

Barua, na picha ndani. Vijana wawili, mashati meupe, tai. Mmoja ni Makoye wangu, kakonda lakini anang'aa. Wa pili ni jitu la mabega, limeinua khanga yangu kama bendera. Nikamtafuta Agape simwoni. Nikamwambia Manyanda bila shaka ndiye aliyepiga picha. Manyanda akaigeuza, akaweka kidole kwenye maandishi ya nyuma: "Mimi kushoto, Mzee Agape kulia."

Agape mwenyewe kaandika. "Mama, asante kwa khanga. Mimi ni mwanamume. Tumeifanya pazia, jua lilikuwa linatuunguza mezani. Mjukuu bado."

Makoye anaeleza kwamba huko kila kijana mhubiri huitwa Mzee, na mwenzi ni wa kazi. Unapewa, mnahubiri wote, kisha unabadilishiwa mwingine. Mke hakuna, hata mchumba wa huko hakuna, mpaka miaka miwili iishe. Halafu: "Mwambie Hana nasimamia neno langu. Namaliza Februari."

Watu wa Ngolo wanakuja keshokutwa.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi na mapema kwa Marsela. Mpango wangu ulikuwa kusema Makoye ametoa talaka. Nimefika pale penye "wameachana kwa amani" Hana akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema, Mama, Agape ni mwanamume, tena anakoroma, Makoye kaniandikia tangu Machi.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza kisimani. Akasema nilikuwa na furaha mno, akaona asinitie aibu mbele za watu. Nyumbani alimwambia mama yake, lakini Marsela alimjibu kwamba mama mzazi hawezi kukosea habari ya mwanawe. Kwa hiyo, akasema, neno linalonipeleka Kasansa ni lako wewe.

Nikasema nilikosea. Marsela akasema sikio lake la kushoto ni zito. Nikasema tena. Akasema la kulia nalo si zuri sana, huenda kisimani likasikia vizuri. Tukaenda. Wanawake walikuwa kumi na mmoja. Nimesema.

Marsela amemtuma kaka yake na baiskeli akawazuie watu wa Kasansa kabla hawajaondoka. Wakati wa kurudi Hana alinibebea ndoo. Kisimani jina langu sasa ni Mpura Chapati.

Jumatatu, 15 Julai

Nimejifunza. Barua haisomwi mbiombio. Ndiyo maana leo nimeitoa tena, na upande wa nyuma, ambao Ijumaa sikuuona kwa machozi, kumbe kuna mstari mmoja: "Pia, Mama, wameniteua kuwa kiongozi wa wilaya."

Mkuu wa Wilaya. Miaka ishirini na miwili.

Hana amejaribu kunieleza kwamba wilaya yao ni vijana sita tu. Nimemwambia mke wa Mkuu wa Wilaya habishani hadharani. Manyanda ameuliza ni ng'ombe gani nimemkazia macho kwa sherehe, nikamwonyesha. Marsela alipopata habari alikaa chini kabisa, akasema atakuja na masikio yote mawili. Nimealika kwaya, walimu, diwani na foleni nzima ya posta. Wanakuja Jumamosi, tarehe ishirini, saa nane mchana.