Cheti cha Rimu Zilizokwaruzika

Kapya alipoona wafuata samaki wa Katuba wakisimamisha baiskeli kwa kusugua tairi kwa kandambili, hakuona umaskini. Aliona soko. Raba zao za breki zilikuwa zimelika hadi chuma, chuma kikawa kinachora rimu, na hakuna aliyeshtuka. Alihitajika mtu wa kuwashtua, na Kapya akajitolea.

Alivaa abakosti, suti ya watu wa serikali, akajiita mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kumwandikia mtu cheti cha kutisha, kisha kumuuzia raba “za Ubelgiji” alizozikata kwenye tairi la lori. Muhuri pia aliuchonga kwenye tairi hilohilo. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa na breki halisi na rimu zilizong'arishwa kwa majivu. Ndiyo mali pekee aliyowahi kuinunua kihalali, na aliipenda kuliko ndugu zake.

Ijumaa aliingia kwa Mama Ngalula, mwenye baiskeli tano za kufuata samaki mbali huko Kasomeno. Akapitisha ukucha kwenye rimu, akaguna.

“Mama, hii jante iko nakufa.”

“Na ile ingine?”

“Ile ilishakufa.”

“Basi andika, fundi. Yote tano. Na uandike na nguvu.”

Mteja mtamu namna hii Kapya hakuwahi kumpata. Akaandika: *Breki hakuna. Rimu zimeharibika. Haifai kazi yoyote.* Mama akaomba aongeze “hata ya siku moja”. Akaongeza, akagonga muhuri mara mbili kwa heshima.

“Raba nitanunua kesho asubui,” Mama alisema. “Ukuye na kinga yako, nione frein ya muzuri iko namna gani.” Kwake, kama kwa Katuba nzima, baiskeli ni kinga na breki ni frein.

Asubuhi Kapya alifika juu ya baiskeli yake inayometa. Nyuma yake wakaingia watu wawili wa kamati ya gwaride la serikali, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuchukua kwa lazima baiskeli nzima za sherehe. Mama Ngalula alikuwa na habari zao tangu Jumatano. Akawapa vyeti vitano.

Mkubwa wao, Chomba, alisoma polepole. “Muhuri ya nani hii?”

Kapya akapiga hesabu. Akisema ni wa uongo, gereza. Akisema ni wa kweli, baiskeli nzima iliyobaki uani ni moja tu, yake.

“Ya miye, citoyen.”

“Na hii kinga?”

“Nayo iko na ka maladi, inagonjwa.”

Chomba akaipanda, akateremka barabara, akabana breki. Ikasimama papo hapo. Akarudi akitabasamu.

“Merci, citoyen. Tunaikamata.”

Kapya aliitazama ikiondoka mpaka ilipokata kona. Alitaka kulia, na mimi simcheki kwa hilo. Mwizi naye ana kitu anachokipenda.

“Pole, fundi,” Mama Ngalula alisema, naye alimhurumia kweli. “Kazi iko. Muntu wangu moja wa kufuata samaki anagonjwa. Kamata kinga yake, uende Kasomeno.”

Kapya akaishika usukani. “Mama, frein yake iko namna gani?”

“Ni weye uliandika.”