Mdundule, Chakula cha Mababu Tangu Jumanne

Jumatatu, 3 Machi

Mwenye nyumba kaja asubuhi, hata chai haijachemka. Anataka chumba chake mwisho wa mwezi. Binti yake anafungua saluni. Nikamkumbusha kwamba huu ni mgahawa, watu wanakula hapa. Akatazama viti vyote, kimoja kimoja, akaniuliza watu gani. Hana haya!

Maji yamenifika shingoni. Nina meza tatu, sufuria nne na Shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye mpishi. Mimi ni meneja. Shangazi anasema meneja ni mtu anayekula bila kupika.

Halafu, saa nne, neema! Tangazo kutoka ofisi ya utamaduni. Mji unatafuta chakula cha utambulisho wake. Kitachorwa kwenye kibao kikubwa pale magari yanapoingia, na mpishi wake atapewa banda la chakula katika stendi mpya. Banda lenye bomba la maji na paa lisilovuja! Tangazo linasema kila mji una chakula chake, sisi tunajulikana kwa vumbi tu. Kweli tupu.

Lile banda ni langu. Nisipolipata, nitauza chai kwenye chupa, nikizunguka kwa miguu.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo. Hatuna chakula cha asili. Mji huu ulianza kama kambi ya watengeneza barabara. Mababu zetu walikula walichopakuliwa, wakarudi kazini.

Mchana Shangazi kasinzia, maharage yakashika chini. Akatupia boga lililoanza kulegea, na karanga za kusaga ili kuua harufu. Nikaonja. Si kitamu. Si kibaya. Kina ladha ya kitu ambacho mtu anakimaliza kwa kuwaheshimu wazee. Hicho hicho!

Jina likanitoa jasho. Nimeyajaribu kwa sauti hadi wateja (wawili) wakahamia meza ya nje. Mwisho nimepata: mdundule. Ukilitamka, mdomo unajaa.

Kisha nikaandika historia yake, kurasa tatu. Nikaweka vita, nikaweka chifu, nikaweka bibi kizee aliyesimamisha vita kwa chungu kimoja. Nikaongeza kwamba mdundule halisi hukorogwa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulishika mkuki. Hapo nilijipongeza. Bila sharti moja la ajabu, nani ataamini kwamba kitu ni cha zamani?

Nimemsomea kinyozi. Nimemsomea fundi viatu. Nimemsomea paka. Shangazi hakutaka kusikiliza, kasema nitaumbuka. Nikamwambia nimetia chumvi kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Utamaduni (ndivyo ninavyomwita ofisa wa utamaduni) kasoma barua niliyompelekea, yenye ile historia yangu, hadi machozi yakamtoka. Anasema amengoja miaka kumi na moja kupata kitu kama hiki. Nikavimba kichwa.

Kisha akaibandika kwenye ubao wa matangazo, akaongeza kwa wino mwekundu: chakula chetu kimepatikana, Jumamosi wapishi wote waje wapike mdundule ili bingwa ajulikane.

Wote! Nikamwambia ni siri ya ukoo wetu. Akanionyesha ukurasa wa pili, nilipoandika kwamba ni urithi wa kila mwananchi. Kalamu hii inaniponza.

Wa kwanza kunakili alikuwa Mama Foleni, yule wa mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Jina kapewa kwa sababu ya wateja wake. Akanisalimia kwa heshima zote, akaniuliza hali ya Shangazi. Mnafiki.

Ijumaa, 7 Machi

Mji mzima unanuka maharage yaliyoungua.

Mzee Redio, babu aliyekula chumvi nyingi na ambaye hazimiki, kaja kunieleza jinsi bibi yake alivyopika mdundule. Fundi viatu naye anaukumbuka. Eti mama yake alilishwa huo alipojifungua. Niliyemsomea mwenyewe Jumanne! Hata mwenye nyumba kasema wa siku hizi hauna ladha kama wa zamani.

Nilitaka kucheka. Lakini Mzee Redio alipomtaja bibi yake, sauti ilimkatika, akatazama pembeni. Nikaona aibu. Ikapita. Nikampa kijiko aonje. Akasema huu sio, nimeuharibu.

Mimi! Niliyeuzaa!

Jumamosi, 8 Machi

Andika, mkono, hata kama hutaki.

Wapishi kumi na mmoja. Majaji watatu: Bwana Utamaduni, Mzee Redio na mkunga mstaafu. Shangazi alipika kama mtu anayeagwa. Mkunga alilamba kijiko pande zote mbili. Nikaanza kufikiria rangi ya banda.

Ndipo Mzee Redio akapaza sauti kwamba mama huyu anakoroga kwa mkono wa kulia.

Bwana Utamaduni akatoa barua yangu mfukoni, akasoma lile sharti mbele ya umati, kwa sauti ya msibani. Nikadakia kwamba wa kulia huruhusiwa siku za Jumamosi. Mzee Redio akasema bibi yake angenichapa. Shangazi akaondolewa.

Nimemsomea kila mtu. Nimemsomea paka! Mpishi wangu tu ndiye ambaye sikumwambia.

Wengine nao walihangaika na mkono wa kushoto. Mmoja aliunguza kiwiko, mwingine alijimwagia miguuni. Mama Foleni akakoroga taratibu, haendi mbio, haangalii chini. Kumbe ana mashoto tangu kuzaliwa! Miaka yote nimemchungulia dirishani kuiba mapishi, sikuona hilo.

Akatangazwa bingwa. Banda lake.

Nikanyoosha mkono niseme ukweli. Nikawatazama, vijiko midomoni, wanabishana kwa furaha bibi ya nani aliweka karanga nyingi. Ningesema nini? Kwamba nimewadanganya nyote, kwa hiyo nipeni banda? Nikaushusha mkono. Nikapiga makofi.

Jumapili, 9 Machi

Mama Foleni kaja. Anataka mpishi wa pili bandani, na anasema mpishi hodari katika mji huu anamjua. Hakuwa ananitazama mimi.

Miaka tisa tuko pamoja na Shangazi jikoni, yeye anapika, mimi naonja. Nikamwambia aende, anastahili mahali penye bomba. Nilisema kweli, na iliniuma.

Shangazi akamwambia Mama Foleni kwamba wanakwenda wawili, au haendi mtu.

Nitaosha vyombo. Sharti la Mama Foleni ni moja: nisimsimulie mteja yeyote historia ya kitu chochote. Nikivunja, tunatoka wote wawili. Nimeapa. Shangazi kanitaka niape tena, mikono ikiwa mahali anapoiona.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza bandani. Bomba linatoa maji! Nimeosha sahani hadi saa tano bila kufungua mdomo. Shangazi kanisifu mbele ya watu. Nimekuwa mtu mpya.

Saa tano na nusu, abiria mwenye kofia ya majani kaniuliza kwa nini chai yetu ina pilipili manga nyingi hivi. Ukweli ni kwamba kifuniko kilichomoka nikiwa nanyunyiza. Nikatazama nyuma. Shangazi alikuwa ameinama, anamenya boga. Mama Foleni kaenda sokoni.

Nikajifuta mikono. Nikamwambia chai hii ilianza enzi za mkwe wa chifu, na hunywewa kwa kusimama, jicho moja limefumbwa.

Akasimama. Akafumba jicho. Akanywa, akasema kweli, kuna kitu.

Alipoondoka nikajaribu mwenyewe. Ni kweli, kuna kitu. Kesho asubuhi nampelekea Bwana Utamaduni barua.