Foreman wa Orofa ya Tatu

Jumatatu, 14 Julai 1975

Baridi ya kukata masikio. Nimeitwa "boy" kabla hata ya saa tatu, na karani aliyezaliwa mwaka niliooa. Hakuwa na ubaya. Ndiyo kazi yangu hapa kwenye kampuni ya bima: Office Boy. Nina miaka arobaini na sita, mvi kichwani, binti wa kuposwa, na bado ni boy. Jikoni, Philister, mjane mwenye wajukuu, anaitwa Tea Girl. Yeye hucheka tu. Mimi sicheki.

Nimerudi Woodley, kwenye nyumba yetu ya nyuma, nikakuta habari. Binti yetu Naliaka anasema wazazi wa Kihara, mchumba wake, watakuja Jumamosi tujuane. Watu wa Uthiru, wenye ng'ombe wa maziwa na nyumba za kupangisha. Kila mtu atasimama ataje jina na kazi, kama ilivyo desturi. Nimemuuliza amewaambia mimi nafanya kazi gani. Amesema amewaambia niko kwenye bima. Kisha akaangalia chini. Mtoto mwema, lakini nimeiona aibu yake na imeniuma.

Sitasimama mbele ya mzee mwenye ng'ombe nikasema mimi ni boy. Lazima nipate cheo kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 15 Julai

Mungu hamtupi mja wake. Bwana Wahome, msimamizi wa wafanyakazi, ametukusanya sote. Ati huu ni mwaka wa wanawake duniani, na wakubwa wa ng'ambo wameagiza majina ya kazi yatazamwe upya. Hakuna tena Boy wala Girl. Tena, jikoni na barua vitawekwa chini ya mtu mmoja, naye atapewa dasikoti mpya ya buluu, lile koti refu la kazi. Cheo hicho bado hakina jina.

Wa kukigombea tuko wawili tu, mimi na Philister. Nimefikiri mpaka chai ya watu ikapoa mikononi mwangu. Kikiitwa Supervisor, kama anavyotaka Wahome, Philister anaweza kukipata. Kikiitwa Foreman, hawezi. Neno lenyewe linaishia na "man", mwanamume. Mlango umefungwa kwa komeo la Kiingereza!

Nimempelekea Wahome chai mara tatu bila kuitwa, na kila mara nimemdokezea Foreman. Mara ya tatu ameniuliza kama nina homa.

Jumatano, 16 Julai

Wahome bado anafikiria. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Jana jioni nilishuka Dagoretti Corner kwa Nzioka, mchoraji wa mabango. Ameniandikia ubao mzuri sana: FOREMAN, nyekundu juu ya nyeupe. Aliuliza ni wa nani. Nikasema ni wa mtu mzito. Akatazama viatu vyangu.

Leo nimefika ofisini kabla ya watu, nyundo ndani ya gazeti. Hapo nikakutana na jambo ambalo sikulipangia. Sina mlango. Kiti changu kiko koridoni. Mlango pekee wa idara yetu ni wa jikoni. Basi nimeupigilia hapo. Watu wakishazoea kuusoma, Wahome atatia sahihi tu.

Philister ameingia, ameusoma, ameweka sufuria motoni. Nafikiri ameelewa.

Alhamisi, 17 Julai

Balaa.

Mleta maziwa amefika, amesoma ubao, amebisha hodi. Ndani alikuwa nani? Philister. Yule bwana akavua kofia. "Mama Foreman, leo nikuwekee chupa ngapi?" Philister akamjibu kumi, kama aliyezaliwa na cheo hicho. Kufikia chakula cha mchana orofa nzima ya tatu ilikuwa inasema Mama Foreman. Hata yule karani.

Nimemfuata mleta maziwa mpaka kwenye ngazi, nikamweleza kwa upole kwamba neno lile ni la mwanamume, linasema lenyewe mwishoni. Akaniambia kwao mwalimu mkuu ni mama, na kijiji kizima kinamwita Headmaster, na fimbo yake inauma vilevile. Kisha akaniuliza: "Mzee, kwani ni jina inapika chai?"

Wahome amekuja kuona kelele ni za nini. Nilidhani atauliza ni nani aliyepigilia ubao. Badala yake amecheka mpaka akashika ukuta. Akamuuliza Philister kama anaitaka kazi hiyo. Philister akauliza kama dasikoti ina mifuko. Ina mifuko. Basi imekwisha.

Ubao nimelipa mimi, nyundo nimebeba mimi, misumari nimepiga mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelala vibaya lakini nimeamka na dawa. Nimemwendea Wahome nikamwambia nimeguswa sana na mwaka huu wa wanawake. Haifai mama wa watu aitwe kwa jina la kiume. Ni kumvunjia heshima. Apewe jina lake halali, Forewoman. Sikusema yaliyobaki, kwamba hapo Foreman ingekuwa wazi, na mtu wa kuijaza alikuwa amesimama mbele yake na sinia.

Wahome amesema hilo ni wazo la kisasa kabisa. Amemwita Philister. Philister amesema jina lingine hataki. Hili la kwanza limeshaandikwa, rangi imekauka, na ubao ni mzuri. Kisha akanituma posta. Amri yake ya kwanza. Nimekwenda, na manyunyu yakanikuta njiani.

Niliporudi nimekuta tangazo ukutani. Kuanzia leo mimi ni Messenger. Tarishi. Nimelitazama neno hilo kwa muda. Halina boy, halina man, halina chochote. Mwanamke pia anaweza kuitwa hivyo. Cheo gani hicho kisichomkataza mtu?

Na nyumbani, kumbe Nanyama, mke wangu, amemwalika Philister kesho! Wako pamoja katika chama cha akina mama kanisani. Nimelalamika. Nanyama ameniuliza kama nataka wageni wa Uthiru wanywe chai yake au yangu. Nimekwenda kuazima viti.

Jumamosi, 19 Julai

Wamekuja. Mzee Jamleck, mrefu, koti zito, maneno machache. Mkewe Virginia, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kihara, viatu viking'aa. Viti vingi ni vya kuazima. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume mwenye heshima kuliko wote, kwa hiyo Nanyama akamwekea Jamleck. Jamleck hajui mila zetu. Akampa Virginia, naye akaila. Nimejikaza. Hakuna aliyekufa.

Kisha tukaanza kusimama mmoja mmoja. Virginia, mkulima. Jamleck, nyumba na ng'ombe. Nanyama, nguo za watoto sokoni. Zamu yangu ikafika. Nikasema naitwa Zedekiah, niko kwenye bima. Jamleck akauliza, bima upande gani.

Nilikuwa nimeandaa maneno matatu mazito ya Kiingereza. Lakini nikamwona Naliaka akisokota kitambaa chake, macho sakafuni, akingoja uongo wangu. Maneno yakakataa kutoka. Sijawahi kuogopa vile mbele ya sahani za wali.

Philister akaweka birika chini. Akasema yeye ndiye Foreman, na huyu ni mkono wake wa kulia, na barua ikikawia mjini ni huyu anayetafutwa na wakubwa wote. Akasema hivyo bila kucheka. Sikutegemea.

Jamleck akanitazama kichwani, pale penye mvi. Akauliza kwa sauti ya chini, na zamani walikuwa wananiitaje. Nikasema ukweli. Boy. Mpaka jana. Sasa tarishi.

Kisha akasema: "Mimi nilikuwa boi ya jikoni hapo Lavington. Huyu Kihara anazaliwa, mimi bado ni boi. Mtoto ya mzungu anaitwa bwana mdogo, na mimi naitwa boi." Kihara akamgeukia baba yake. Hakuwa amewahi kuyasikia hayo. Virginia akaeleza kwamba kila jioni mumewe akirudi alikuwa anamfungulia mlango na kusema, karibu Bwana Jamleck, ili asije akasahau.

Tukacheka wote, lakini si kicheko cha mzaha. Jamleck akanishika mkono na hakuuachilia haraka. Naliaka aliniangalia usoni. Naandika bila haya: mwaka huu sijafurahi kuliko leo. Arusi ni Desemba.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada tumeketi na watu wa Uthiru kuunda kamati ya arusi. Lazima iwe na kiongozi. Akina mama wote wamemtaja Virginia, Philister akiwa wa kwanza. Nimewaacha waongee mpaka wakachoka. Kisha nikasimama, nikapendekeza jambo dogo tu, kwamba kiongozi huyo aitwe Chairman, kwa Kiingereza kamili, na iandikwe hivyo kwenye kadi. Wamekubali papo hapo. Hata Virginia amekubali. Amesema kwake jina lolote ni sawa.

Maskini, hajauona mtego ulio mwishoni mwa neno. Kura ni Jumapili ijayo. Nimeanza kuandaa hotuba yangu ya shukrani, na katikati nimeweka maneno machache ya kumliwaza mama wa watu.